Lubumbashi: «Bravo» tupu haimsaidii kijana anayechora

LUBUMBASHI – Katika mitaa ya Katuba, Kenya ao Ruashi, ni rahisi kukuta kijana mwenye kaye ya masomo ambayo kurasa zake za nyuma zimejaa watu wa michezo ya video: Kratos wa God of War na shoka lake, Scorpion na Sub-Zero wa Mortal Kombat, wapiganaji wa Free Fire na bunduki zao. Wengi wanatumia biki moja ya bulu. Wengine wanachora vizuri, wengine vibaya, lakini wanachora kila siku. Na wanapoonyesha kazi yao wanapata moja ya majibu mawili, na yote mawili ni mabaya.

Jibu la kwanza ni la rafiki. «Yaya, unaona aje?» «Bravo, mdogo, uko fundi! Endelea vile vile.» Jibu la pili ni la mkubwa wa nyumba: «Unakopia tu vitu vya Wazungu. Fungua vitabu.» La kwanza ni tamu, la pili ni chungu, lakini yanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyeutazama mchoro.

Wenye kusema bravo wanadai kwamba wanatia moyo. Hapo ndipo wanapokosea. Kijana aliyesifiwa miaka mitatu bila kusahihishwa hata mara moja, siku moja atakwenda kuomba kazi ya kuchora ubao wa saluni ao ukuta wa duka. Mwenye duka hana sababu ya kumpendeza. Ataona vidole vilivyovimba kama ndizi, kisha atampa mwingine kazi. Siku hiyo ukweli utamfikia kijana kutoka kwa mtu asiyemjali, bila maelezo, na pamoja na hasara ya franga. Ukweli huo huo ungeweza kumfikia mapema, bure, kwa kinywa cha yaya yake.

Wenye kusema «unakopia» nao hawana haki. Mkono unajifunza kwa kufuata mikono mingine, kama mtoto anavyojifunza kusema kwa kufuata mama yake. Swali ni kama kijana anaelewa anachokifuata. Mfano upo. Katika Mortal Kombat ya kwanza, ya mwaka 1992, Scorpion na Sub-Zero walikuwa mchezaji mmoja katika vazi moja. Rangi tu ndiyo ilibadilishwa, njano kwa huyu, bulu kwa yule. Mwenye biki moja hana rangi hizo. Akinakili tu, atapata mapacha. Kumtukana hakumwongezei kitu. Lakini akiulizwa, «Mtu atajuaje nani ni nani?», atalazimika kufikiri: ampe Scorpion kamba yake yenye ncha, amwekee Sub-Zero barafu mikononi, kila mmoja asimame kwa namna yake. Hapo mchoraji ameanza kazi.

Hata mabingwa walipitia njia hiyo. Shigeru Miyamoto wa Nintendo, alipomchora Mario kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, picha ilikuwa ndogo mno kuonyesha mdomo na nywele vizuri. Akampa masharubu na kofia. Upungufu wa mashine ukageuka alama inayojulikana dunia nzima. Kila mstari ulikuwa na sababu yake, na mkosoaji mwema anauliza sababu hiyo.

Basi ukosoaji unaojenga unakwenda namna gani? Kwanza, kuuliza kijana alitaka kuonyesha nini: hasira, mbio, uchovu? Bila kujua hilo, hakuna kipimo. Pili, kutaja kinachosimama, na sababu yake. «Ni nzuri» haisemi kitu. «Mabega haya yanaonyesha uzito wa shoka» inasema. Tatu, kutaja kosa moja, lile kubwa, na kulisema juu ya karatasi, si juu ya mtu. «Mguu huu haubebi mwili» ni msaada. «Haujui kuchora» ni tusi. Nne, kuonyesha njia: ashike ufagio kama shoka, atazame vidole vyake vinavyozunguka mti, kisha achore tena. Haigharimu hata franga moja.

Na makosa yana ukubwa wake. Alama nyekundu ya Kratos inapita kwenye jicho lake la kushoto. Akichorwa akitazama mbele, itakuwa upande wa kuume wa karatasi, na ni rahisi kuigeuza. Kosa hilo litasahihishwa kwa dakika moja. Mtu anayelikamata hilo kwanza, huku mguu umevunjika kwenye mchoro, anaonyesha tu kwamba anaujua mchezo.

Kuna hatari nyingine: mkosoaji anayetaka kila kijana achore kama yeye. Mji huu una somo lake. Mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, wakati mji ulipoitwa Elisabethville, karakana ya wachoraji, na hakutaka waige picha za Ulaya. Bela Sara alichora kwa vidole vyake. Mwenze Kibwanga alijaza kitambaa kwa mistari midogo midogo. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka kwa subira kubwa. Kama mtu angemshurutisha Bela kushika brashi kama wengine, mji ungepoteza mchoraji. Kuna kosa na kuna uchaguzi, na mkosoaji asiyevitofautisha ni heri anyamaze.

Wengine watasema: «Atavunjika moyo.» Kinachovunja moyo ni kuchekwa mbele ya watu. Neno la kweli lisemwe pembeni, kwa yule aliyeuliza. Mtoto wa miaka minane anayechora kwa furaha aachwe na furaha yake. Lakini kijana wa miaka kumi na minane anayetaka kula kwa kalamu, kumficha makosa yake ni kumwibia.

Walimu, mayaya na wazazi hawaombwi kuwa wasomi wa sanaa. Wanaombwa dakika tano za kutazama kabla ya kufungua kinywa. Na vijana nao waache kuuliza «unaona aje?», swali linaloomba sifa. Waulize: «Mkono huu unashika kweli?» Mwenye kuuliza hivyo atapata jibu atakaloweza kulifanyia kazi jioni ile ile.