Jua Lao Lina Tarehe, Lako Je?

Mpenzi msomaji, mwezi huu nakupeleka mbali, huko juu kaskazini, mpaka Ísafjörður. Usihangaike na matamshi, twende tu. Ni mji mdogo wa Iceland uliokulia kwenye uvuvi, watu wake hawafiki elfu tatu. Umekaa juu ya ulimi wa ardhi uliochomoza ndani ya fiodi, yaani mkono mwembamba wa bahari uliopenya katikati ya milima.

Kwa uzuri, usiseme. Kwenye ncha ya ulimi huo zipo nyumba nne za mbao za wafanyabiashara wa zamani, ya kwanza ilijengwa mwaka 1757. Ng'ambo yake, mlimani, kuna shimo kubwa kama limechotwa kwa kijiko. Wenyeji wanasimulia kuwa jitu lilikaa pale, miguu ikiwa majini. Ukipanda mpaka kwenye kiti hicho, mji wote unauona chini yako.

Lakini milima hiyohiyo inayopendeza kwenye picha ndiyo inayowanyima jua. Tangu mwishoni mwa Novemba mpaka karibu na mwisho wa Januari, miale haifiki mjini. Si kwamba jua halichomozi. Mchana upo, mfupi na wa kijivu, ila jua lenyewe linapita chini chini nyuma ya mlima. Miezi miwili, ndugu yangu!

Ikifika tarehe 25 Januari, mawingu yakiruhusu, miale inagusa Sólgata, maana yake Mtaa wa Jua. Basi hapo ni kahawa na chapati za maji, nyembamba, zimekunjwa na jamu na krimu. Wenyewe wanaiita kahawa ya jua. Sherehe nzima kwa ajili ya mwanga wa muda mfupi tu!

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu wengi mnaniuliza swali moja: mwenzangu amepoa, nisubiri au niondoke? Kuna dada anasubiri mwaka wa tano sasa, eti jamaa atakwenda kujitambulisha kwao "mambo yakikaa sawa". Kila mwaka mambo hayakai.

Kusubiri si ujinga. Watu wa Ísafjörður wanasubiri kila mwaka na mji wao hawauhami. Ila angalia wanavyosubiri. Kwanza, wanakijua kinacholiziba jua, wanakiona kwa macho. Pili, wanajua litarudi lini. Tatu, hawakai mikono mfukoni. Zamani theluji ilikuwa ikifunga barabara za mlimani za kwenda vijiji vya jirani, Flateyri na Suðureyri. Mlima haukuhama, basi wakautoboa. Mwaka 1996 lilifunguliwa handaki la kilometa 9 na ushee, humo ndani kuna mpaka njia panda!

Sasa geukia kwako. Mwenzako amefiwa? Kazi imekwisha? Anauguza mzazi? Huo ni mlima, unaonekana, na jua lipo nyuma yake. Msubiri, na wakati mkisubiri chimbeni wote wawili.

Lakini kama ukiuliza kuna nini unajibiwa "acha presha", ukiuliza lini unaambiwa "tutaona", na mwenye sururu mkononi ni wewe peke yako, hapo hakuna mlima wowote. Hilo jua limeshahamia mji mwingine, na wewe bado umetoa kiti nje unalingoja.

Kwa hiyo muulize, tena wiki hii. Kwa upole, bila kununa, na simu zikiwa pembeni: tarehe yetu ni ipi? Akikupa tarehe ya kweli, anza kukoroga unga wa chapati za maji. Akicheka na kubadilisha mada, hilo nalo ni jibu.

Tukutane mwezi ujao.