Jeshi la Daftari

Makala zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimejaa moshi wa mizinga. Karibu kila mwandishi anaanzia vita vya Panipat, 1526, na wengi bado wanamwegemea mwanahistoria William Irvine, aliyehukumu mwaka 1903 kwamba jeshi la dola ya Mughal ya India lilikuwa na wapanda farasi hodari wasio na nidhamu. Hukumu hiyo imenichosha. Irvine aliutafuta mpangilio kwenye safu za gwaride, kumbe ulikuwa kwenye daftari la mishahara.

Mtazameni ahadi, yaani mpanda farasi aliyeandikishwa moja kwa moja na mfalme. Hakuwa mtu wa amiri yeyote. Alikuwa wa mfalme, mwenye diwani wa hesabu na bakhshi wa malipo wa kundi lake, na Abu'l Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, anaandika kuwa wapo waliopata zaidi ya rupia 500 kwa mwezi. Mpanda farasi wa kawaida alingoja mkono wa mwenye mansab, yaani cheo cha dola, naye mwenye mansab alingoja kodi ya jagir yake, eneo alilopewa badala ya mshahara. Kodi ikipita mikono mingi, mnajua yanayotokea.

Badauni, mwandishi mwingine wa zama hizo ambaye hakumpenda Akbar hata chembe, anasimulia jinsi maamiri walivyowavisha watumishi wao mavazi ya askari siku ya ukaguzi. Askari hewa, kwa lugha yetu ya leo. Kuzuia ujanja wa aina hiyo, dagh na chehra zilikazwa miaka ya 1570: farasi apigwe chapa ya moto, mtu aandikwe jina, baba, rangi, paji la uso, hata kovu. Haikutosha. Badauni huyohuyo anasema Akbar aliwahi kuwapima watu kwenye mizani, wamefungwa mikono na miguu, ikabainika kuwa wamekodiwa na hata nguo na matandiko ya farasi ni ya kuazima. Akaamua walipwe vivyo hivyo, wapate riziki. Mfalme anajua anaibiwa, na bado analipa! Hapo ndipo nilipotaka waandishi wetu wachimbe.

Makala ya tembo wa vita inasomeka vizuri. Ile ya wapiga bunduki wa Buxar inamfuata mwanahistoria Dirk Kolff mno. Moja tu inauliza mwenye cheo cha sawar (wapanda farasi) 1,000 alileta farasi wangapi hasa, na inaeleza kanuni ya Shah Jahan, mjukuu wa Akbar: theluthi ya idadi hiyo kwa anayetumikia katika jimbo lenye jagir yake, robo kwa aliye nje, sehemu moja kati ya tano kwa waliopelekwa vitani Balkh na Badakhshan, nje ya India. Nimeipa kurasa nyingi kuliko zote, na wanaonung'unika wajue nimefanya makusudi.