SAA YA THAMANI NA FUNDI WAKE

Wapo miongoni mwetu wenye saa za Uswisi za thamani kubwa, nyingine za urithi. Hatuulizi leo kila mmoja ameipataje. Tunaloliuliza ni hili: saa hiyo inapohitaji kufunguliwa, ipelekwe wapi?

Imezuka dhana kwamba pasipo Ulaya hapana fundi. Kwa saa mpya tunakubali: Rolex, kwa mfano, hutoa dhamana ya miaka 5, na mkono wa mtu baki waweza kuivunja. Lakini saa ya baba, ambayo dhamana yake ilikwisha zamani, aghalabu haidai ila kusafishwa, kutiwa mafuta mapya na kubadilishiwa mipira ya kuzuia maji, ambayo joto na jasho la visiwani huichosha. Kazi hiyo fundi saa hodari wa hapa anaiweza. Aulizwe tu kama anacho chombo cha kupimia uvujaji. Aambiwe asiling'arishe kasha, maana kila kusuguliwa hupunguza madini. Na kipuri alichokitoa akirudishe kwa mwenyewe.

Lililo gumu ni vipuri. Baadhi ya viwanda vikubwa huwanyima mafundi wa kujitegemea, na mwaka 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyakataa malalamiko ya mafundi wa huko huko. Ikiwa wao wameshindwa, wetu watasemewa na nani? Tunaziomba idara zinazohusika na mafunzo ya amali na ushuru wa forodha zikutane na mafundi hawa kabla wazee waliobaki hawajafunga vibanda vyao.