Kampala Ikikosa Doh, Tao Pia Inasota: Hii Ndio Sababu

Wasee wa Nairobi tunapenda kuchekelea majirani mtandaoni. Pesa yao ikishuka ama kura ikiwaletea noma, utani unaanza saa hiyo hiyo. Shida ni kwamba kwa biashara, noma ya jirani haiishii mpakani.

Cheki vile inafanyika. Kwa miaka mingi Uganda imekuwa mteja wetu mkubwa zaidi Afrika. Mabati, sabuni na mafuta ya kupika zinatoka hapa, zinapita Nakuru, zinavuka Malaba ama Busia. Watu wa Kampala wakikosa doh, mwenye duka huko anapunguza oda. Kiwanda cha Industrial Area kinapunguza shifti. Kibarua anayeishi Kawangware anaambiwa arudi wiki ijayo, na mama mboga wa Kangemi anaongeza jina kwa kitabu cha madeni. Hakuna hata mmoja wao amewahi kufika Kampala.

Mambo pia hugeuka. Baada ya kura ya 2007 Kenya ikawaka. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na Uganda na Rwanda zikakosa mafuta ya gari. Uchumi wetu ulikuwa umekua kwa karibu 7% mwaka 2007. Mwaka 2008 ukashuka chini ya 2%. Tanzania haikukwama hivyo, juu ina bandari yake Dar es Salaam. Kwa hivyo kuwa jirani pekee si hoja. Hoja ni nani anategemea barabara ya nani.

Ni kweli kuna shida hutupiga wote pamoja, kama Korona ya 2020 na bei ya mafuta ya 2022. Hizo hazina mwenyewe. Lakini zile tunajiletea, majirani wanaziandika chini. Mwaka 2016 Uganda iliamua bomba lake la mafuta lipite Tanga, si Kenya. Mizigo yake mingine tayari inapitia Dar.

Kura yetu inarudi Agosti 2027. Barabara ikifungwa wiki moja, mteja wa Kampala hatangoja ifunguliwe, atatafuta njia nyingine. Na akishaizoea, tao itasota hata siku ile Kampala iko na doh. Wanasiasa watakuwa washapeana mikono kitambo. Wa Kawangware bado atakuwa anangoja shifti.