Kwa Jamaa wa Kyambogo: Rasimu Ingali Rasimu

Boston, Marekani

Kwa wazee wangu na ndugu zangu wa Kyambogo,

Lililonifanya nishike kalamu ni jambo la hapo hapo kilimani kwenu, penye makao ya Kituo cha Kitaifa cha Ukuzaji Mitaala, ambapo huamuliwa yale ambayo kila mtoto wa Uganda, wa Kabale kama wa Arua, atalazimika kuyasoma.

Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoingia madarasani, ukikifanya Kiswahili somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili (nami nilifurahi mno), Bunge lilitaka utekelezaji usimamishwe kwa kuwa walimu hawakutayarishwa vya kutosha. Hoja nzito kama hiyo mahali pake ni kwenye rasimu, kabla mtaala haujaingia madarasani. Sikatai kwamba wataalamu wa Kituo huita mikutano ya kukusanya maoni. Walakini anayeitwa huchaguliwa na mwenye kuita.

Huku nilipo, sheria ya taratibu za utawala ya mwaka 1946 inazilazimu idara za serikali kuu, isipokuwa katika mambo machache, kuitangaza rasimu ya kanuni katika gazeti rasmi la dola, kuwapa watu wasaa, aghalabu siku 30 au 60, wa kuandika maoni, hata wakiwa wageni kama mimi, kisha kueleza sababu za kanuni iliyopitishwa. Na idara ikiipuuza hoja ya maana iliyoletwa mbele yake, mahakama yaweza kuibatilisha kanuni yenyewe. Wajibu huo wa kujibu ndio ninaoutamani kwetu kuliko yote. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2013, humtaka mtunzi wa kanuni ashauriane kwanza na watakaoguswa nayo.

Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 38, imempa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya serikali, na ibara ya 42 haki ya kutendewa kwa insafu na wenye mamlaka. Lakini hazikutaja rasimu itangazwe wapi, kwa siku ngapi, wala nani ajibu.

Basi nawasihi, walimu wa Chuo Kikuu chenu na wazazi wa mtaa wa Banda, mwandikieni mbunge wenu aidai sheria ya kutangaza rasimu na kujibu maoni. Na mtaala utakapodurusiwa tena, iombeni rasimu kwa maandishi, kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, pamoja na ahadi kwamba majibu ya hoja zenu yatachapishwa. Mkiipata nitumieni nakala, nami nitaandika yangu.

Wasalaam,
Mwana wenu wa ughaibuni