Picha Zetu, Maneno ya Wengine



Yapo maneno mawili ambayo sisi tukaao Ngagara tumeyasikia mara nyingi mno, na kwa muda mrefu tumeyanyamazia. La kwanza lasema kwamba rangi za maji ni mchezo wa watoto, na kwamba mchoraji wa kweli hutumia rangi za mafuta. La pili lasema kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni. Mtu akitaka kunena juu ya sanaa, basi na atafute Kifaransa. Wasemao hayo si wapita njia tu. Wamo walimu, tena walimu wa Kiswahili. Leo tumeona haya kuendelea kunyamaza. Twataka kuonyesha kwamba maneno hayo mawili yametoka katika dharau moja, na kwamba sisi wenyewe ndio tunaoilea dharau hiyo madarasani mwetu.

Tuanze na kisa kilichotufumbua macho. Hapa Ngagara, mtaa uliojengwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1950, na ambao wazee hawajaacha kuuita OCAF kwa jina la ofisi iliyoujenga, yupo jirani yetu mmoja mchoraji. Kazi yake yote ni ya rangi za maji. Huchora sura za watu, na huchora mandhari ya Ziwa Tanganyika pamoja na milima ya Uvira iliyo ng'ambo. Wakati wa kiangazi vumbi na ukungu huificha milima hiyo, hata mgeni aweza kukaa siku nyingi asijue kwamba ipo. Mvua zikianza, hutokeza asubuhi moja kana kwamba imeumbwa usiku.

Siku moja tuliwapeleka wanafunzi wetu kwake ili wajifunze kueleza picha. Mbele yao palikuwa na sura ya mzee mmoja, dereva mstaafu, ameketi barazani, mikono juu ya magoti. Wanafunzi wakaanza: "Huyu ni mzee. Hiki ni kiti. Mzee amekaa kwenye kiti. Kiti chake ni kizuri." Nasi tukasimama kando tukisahihisha: hapa sema "chake", hapa sema "vyake". Saa nzima ikapita hivyo. Tulipokuwa tukiaga, mchoraji akatuvuta pembeni, akasema kwa adabu: "Mwalimu, nisamehe. Wanafunzi wako wameziona ngeli zote, lakini mzee hawakumwona."

Neno hilo lilituuma kwa sababu lilikuwa kweli. Siku chache baadaye tulirudi bila darasa, tukaomba tukae tuangalie kazi inavyofanyika. Aliyechorwa siku hiyo alikuwa mama mmoja mwuza ndagala katika soko la Cotebu, mzaliwa wa Buyenzi. Mchoraji aliilowesha karatasi, kisha akapitisha rangi nyepesi mno, karibu na maji matupu. Mama akachungulia, akakunja uso: "Mwanangu, mbona umenifanya Mzungu?" Mchoraji akacheka: "Subiri kidogo, mama. Bado unakuja."

Akaiacha ikauke, akapitisha tena, ikakauka, akapitisha tena. Kila tabaka liliacha lililo chini yake lionekane. Katika mara ya nne au ya tano uso ukatokea, nao ulikuwa wa mama yule na si wa mwingine. Tukamwuliza mchoraji rangi ile aiitaje. Akatutajia neno la Kifaransa lililoandikwa kwenye tyubu. Sisi tukanyamaza, maana hatukuwa na neno jingine la kumpa. Ni mama aliyetuokoa: "Ninyi watu wa shule! Hiyo si maji ya kunde?"

Ndugu zetu, tulikuwa tukilijua neno hilo tangu utoto. Limo katika kamusi. Lakini halikutujia ulimini lilipohitajiwa, kwa kuwa tumelifundisha kama neno la kukariri wala hatukulifundisha kama kitu cha kuangaliwa. Chemsha kunde uyatazame maji yake: ni meusi yenye wekundu ndani, na nuru hupenya. Yule wa kale aliyeiita ngozi ya binadamu "maji ya kunde" hakuiona kama ukuta uliopakwa chokaa. Aliiona kama rangi iliyo ndani ya maji. Kwa maneno mengine, aliiona kama aionavyo mchoraji wa rangi za maji. Na lugha yenye neno kama hilo ndiyo tuambiwayo kuwa haifai kunenea sanaa!

Sasa tuwajibu wale wasemao kwamba rangi za maji ni mchezo wa watoto. Rangi hiyo ni unga laini ulioshikanishwa kwa gundi, ambayo kwa asili hutokana na utomvu wa mgunga. Brashi yenye maji ndiyo huufanya utiririke juu ya karatasi. Mchoraji wa mafuta akikosea, husubiri ikauke kisha hufunika kosa. Mchoraji wa maji hana ruhusa hiyo, kwani kila kilicho chini huonekana. Hana hata rangi nyeupe ya kumsaidia, kwa kuwa kwa desturi ya kazi hii weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Ule mng'ao uliokuwamo katika jicho la mama ni mahali padogo ambapo brashi haikupita. Ilimbidi mchoraji apajue kabla hajaanza. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Huyu hufanya kazi na maji yaliyokwisha kumwagika. Je, huo ni mchezo wa watoto?

Historia nayo yawakana. Kabla picha za kamera hazijawa jambo rahisi, wasafiri wa Kizungu waliotaka kuwaonyesha watu wa kwao nchi zetu walibeba rangi za maji, kwa kuwa ni nyepesi na hukauka upesi. Kapteni James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke kutoka Unguja hadi Mto Nile kati ya mwaka 1860 na 1863, alichora njiani kwa rangi hizo, na kazi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa hadithi ya simba Elsa, alipewa na serikali ya kikoloni ya Kenya kazi ya kuchora watu wa makabila ya nchi ile wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya sura kwa rangi za maji, na kitabu chake cha sura hizo kikatoka mwaka 1967, kwa Kiingereza. Hatubezi kazi zao. Twasema tu kwamba nyuso zilikuwa zetu na ziwa lilikuwa letu, lakini maneno yaliyoandikwa chini ya picha hayakuwa yetu.

Mtasema: hao walikuwa wageni. Basi watazameni wenyeji. Mwaka 1926, huko Bukama katika Katanga, ofisa mmoja Mbelgiji, Georges Thiry, alivutiwa na michoro iliyopamba kuta za nyumba. Akamtafuta Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, akampa karatasi na rangi za maji. Mkewe, Antoinette Lubaki, naye akachora. Huko Kasai akampata mshona nguo ambaye Wazungu walimwita Djilatendo. Kazi zao zilipelekwa Ulaya, zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930. Watu wa Ulaya wakazisifu. Lakini wachoraji walibaki nyumbani, na sifa ziliandikwa kwa Kifaransa na watu ambao hawakuwa wachoraji wale. Hata jina la Djilatendo halikuandikwa sawasawa. Jina lake lilikuwa Tshyela Ntendu. Wafadhili walipowaacha mkono, habari zao zikafifia, hata mwaka aliokufa Lubaki haujulikani. Mwaka 2015, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yalipofanyika Paris, hesabu ya sanaa hiyo ilianzia mwaka 1926, yaani kwa rangi zile zile za maji. Picha zimedumu karibu miaka mia moja. Maneno ya wenyewe juu ya picha hizo yako wapi?

Asitokee mtu akatuambia kwamba maneno hayo yasingaliwezekana kwa Kiswahili. Katika Katanga hiyo hiyo, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha 101. Hazikuwa za rangi za maji. Alizichora juu ya nguo za magunia ya unga. Katika miaka ya 1973 na 1974 aliketi na mtaalamu Johannes Fabian, akazieleza picha zake, ni nani huyu, alikosa nini, kwa nini mbingu hapa ni nyekundu. Alizieleza kwa Kiswahili, na maneno yake yakarekodiwa. Kitabu cha Kiingereza kilichotoka mwaka 1996 chasimama juu ya msingi huo wa Kiswahili cha Katanga, kile kile ambacho walimu wengine hukiita kibovu. Leo akitajwa Tshibumba, hutajwa pamoja na sauti yake. Lubaki hutajwa bila sauti.

Tumesikia pia hoja ya msamiati. Husemwa kwamba Kiswahili kina rangi tatu tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Ni kweli kwamba hizo tatu ndizo zinazobeba viambishi vya ngeli, na ndizo tunazozitilia mkazo kwa maneno ya pekee: nyeupe pe, nyeusi tii, nyekundu pyu. Lakini nyingine je? Zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, kahawia yatokana na kahawa, kijivu chatokana na majivu, kijani chatokana na majani. Huo si umaskini. Hiyo ni njia ya kumwambia msemaji: usitaje rangi mpaka umekitazama kitu. Mchoraji hafanyi jingine. Anayetuita maskini ni yule aliyeikariri orodha bila kwenda shambani.

Na madhara ya uvivu huo hayaishii kwenye kamusi. Tumeona kwa macho yetu, katika darasa moja, watoto wakizipaka nyuso zao wenyewe rangi ya waridi, kwa sababu kalamu ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa kwamba hiyo ndiyo rangi ya mwili. Huko Marekani kampuni ya Crayola ililiacha jina kama hilo mwaka 1962, ikaiita rangi hiyo kwa jina la tunda la pichi. Sisi hatukuhitaji kusubiri kampuni yoyote, maana tulikuwa na maji ya kunde jikoni. Mtoto anayejipaka waridi hajakosea rangi tu. Amefundishwa kwamba mwili wenyewe ni wa mtu mwingine.

Wapo watakaotujibu kwamba mtihani hauulizi mambo haya, na kwamba muda hautoshi. Kiswahili kimepata nafasi katika shule zetu za Burundi, hasa tangu nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na nafasi hiyo tumeipigania. Je, tuliipigania ili mtoto ajue kusema "kiti chake ni kizuri" na akome hapo? Zoezi la kueleza picha limo katika kazi yetu tayari. Hatuombi saa mpya. Twaomba saa iliyopo isipotezwe.

Basi haya ndiyo tunayoyataka. Kwanza, mwalimu awaache wanafunzi waitazame picha kimya kwa muda kabla ya kufungua kinywa, na swali la kwanza lisiwe "Hiki ni nini?" bali "Huyu anafikiri nini, nawe umejuaje?" Ngeli zitasahihishwa baadaye, hazitakimbia. Pili, tufundishe rangi kwa vitu: bilauri ya maji, udongo, mkaa, manjano, kunde. Shule isiyo na fedha za kununua rangi haikosi hivyo. Tatu, twende sokoni na daftari. Lugha ya sokoni ndiyo iliyotupa neno siku ile sisi wenye diploma tulipokuwa tumekauka midomo. Nne, kila picha ipigwayo chapa katika vitabu na majarida yetu iwe na jina la mchoraji, na la aliyechorwa iwapo ameridhia, kisha maneno yao wenyewe kwa Kiswahili.

Picha ya mama yule ilipokauka, alisimama mbele yake kitambo. Kisha akasema: "Huyu amechoka, lakini hajashindwa." Tuliuandika usemi huo siku ile ile. Katika miaka yetu yote ya kufundisha hatujapata kwa mwanafunzi wetu hata mmoja sentensi iliyoieleza sura ya mtu vizuri kuliko hiyo. Kosa si la wanafunzi.

Mwenye hoja ya kutupinga na ailete. Kurasa hizi ni za wote. Ila twamwomba, kabla hajashika kalamu, ashuke jioni moja ziwani, alitazame jua likitua nyuma ya milima ya Uvira mpaka maji yageuke rangi mara tatu, kisha atuandikie alichokiona. Na atuandikie kwa Kiswahili.