Upelelezi Haujakamilika

Shangazi yangu ana duka dogo Tanga, na dukani ana daftari la madeni. Mbele ameandika nani kachukua unga kilo mbili, nani kachukua mafuta ya kupima, nani kaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Ukilipindua ukaanzia nyuma unakuta tarehe, moja chini ya nyingine, zimepishana siku 14. Ni tarehe za kesi ya mwanawe. Nilizihesabu mara moja, zikafika 79, nikalifunga.

Mwanzoni, kando ya kila tarehe, aliandika kilichosemwa mahakamani. Upelelezi haujakamilika. Upelelezi haujakamilika. Upelelezi haujakamilika. Kuanzia ya sita akaacha kuandika maneno, akawa anaweka vile vialama viwili vya "kama hapo juu", kama anavyofanya mteja yuleyule akikopa sukari ileile.

Nilimsindikiza mara kadhaa. Alikuwa anashuka Dar siku moja kabla, analala kwetu, asubuhi tunakwenda kukaa kwenye benchi kusubiri karandinga la mahabusu. Binamu yangu akishuka na pingu tulipungiana mkono kwa macho tu. Ndani, wakili wa Serikali anasimama: Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anapanga tarehe. Dakika mbili, siku nyingine hazifiki. Mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya ugaidi, na haina mamlaka ya kumpa dhamana. Ina mamlaka ya kumrudisha mahabusu. Halafu shangazi anapanda basi kurudi Tanga.

Baada ya miaka mitatu na siku chache kesi ikafutwa. Hakuna shahidi aliyesimama, hakuna kielelezo kilichopokelewa. Binamu akatoka na mfuko wa rambo wenye nguo zake.

Sasa nitasema jambo ambalo shangazi hatalipenda. Sijui kama binamu yangu alifanya walichosema alifanya. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, tukiwa watoto, na nampenda, lakini kumjua mtu utotoni si ushahidi. Miezi ya mwisho kabla hajakamatwa alikuwa na marafiki nisiowajua, na akiulizwa habari zao anabadili mazungumzo. Labda ni ukubwa tu. Labda sio. Lalamiko langu halisimami juu ya utakatifu wake. Linasimama juu ya hili: watu wenye kazi ya kujua walikaa naye miaka mitatu, na mwisho wake hawakutuambia kitu.

Nalisema kwa makusudi, kwa sababu sisi vijana tuliosoma tuna namna moja tu ya kupinga kesi hizi. Tunasema fulani si gaidi. Freeman Mbowe alipokamatwa Mwanza Julai 2021, siku chache tu mtandao mzima ulikuwa unaandika kwamba Mbowe si gaidi. Mimi pia niliandika. Kesi ile tuliifuatilia neno kwa neno, maswali ya mawakili yakawa vichekesho vya WhatsApp, na Machi 4, 2022 upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea. Tukashangilia, tukaenda zetu. Sheria ilibaki palepale. Tulichodai ni kwamba imemkamata mtu asiyestahili, na ukidai hivyo umeshakubali kwamba yuko anayestahili kukaa miaka bila kusikilizwa. Huyo unamwachia nani?

Tuliwaachia masheikh wa Uamsho. Viongozi wa jumuiya ile, Farid Hadi Ahmed na Mselem Ali Mselem miongoni mwao, walikuwa wakihubiri kwa sauti kubwa kwamba Wazanzibari waulizwe kwa kura kama wanautaka Muungano. Mwaka 2014 walivushwa bahari na kushtakiwa kwa ugaidi Dar es Salaam. Waliachiwa Juni 2021, mwezi mmoja tu kabla ya Mbowe kukamatwa. Karibu miaka saba: mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule alikuwa ameshafanya mtihani wa darasa la saba. Mimi nilikuwa chuo kwa sehemu ya miaka hiyo, nikisoma, nikijiita mtu wa haki, na sikumbuki hata jioni moja tuliyokaa kuwazungumzia. Walikuwa na ndevu na kanzu, na sisi tulikuwa na shughuli. Wenzangu watachukia nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Najua jibu linalokuja. Wewe unazungumza kama vile hakuna ugaidi. Upo. Agosti 7, 1998 bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani Dar es Salaam waliuawa watu 11, na Nairobi siku hiyohiyo zaidi ya 200. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo Kibiti, katika kipindi ambacho wenyeviti wa vijiji walikuwa wakifuatwa majumbani na kupigwa risasi. Oktoba 2020 wapiganaji waliotokea upande wa Msumbiji walivamia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Sitanii na mambo haya. Ndiyo maana nataka kesi. Mama wa askari wa Kibiti naye anahitaji mahakama iliyo wazi, pengine kuliko shangazi yangu. Anahitaji kuona mtu amesimama kizimbani, ushahidi umewekwa mezani, na jaji amesema ndiye au siye. Kumweka mtu mahabusu miaka mitatu kisha kumfungulia mlango hakumpi mama huyo chochote. Kama alikuwa mhalifu, mmemwachia. Kama hakuwa, mhalifu alikuwa anatembea muda wote huo mkiwa mmeridhika.

Inawezekana kufanya vingine, hata kwa kesi nzito kuliko zote. Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004 kwa tuhuma za mabomu yale ya 1998. CIA walimficha kwenye magereza yao ya siri, wakampeleka Guantánamo, na mwisho akafikishwa mahakama ya kiraia New York. Ndiye mfungwa pekee wa Guantánamo aliyewahi kupelekwa Marekani kushtakiwa katika mahakama kama hiyo. Jaji alimkataa shahidi muhimu wa mashtaka kwa sababu jina lake lilipatikana katika mahojiano ya kulazimishwa. Novemba 2010 raia 12 waliokaa kusikiliza walimkuta na hatia katika shtaka moja, wakamfutia mengine zaidi ya 280. Wanasiasa wa kule walikasirika, wakasema mahakama imeshindwa kazi. Shtaka hilo moja lilimpa kifungo cha maisha. Nikisoma habari ile naona watu waliokaa wakachambua kimoja kimoja, hiki kimethibitika, hiki hakikuthibitika. Kwetu binamu yangu alipewa karatasi moja ya mashtaka na vialama 74 vya kama hapo juu.

Siwasifii Wamarekani. Kuna mvuvi wa Kizanzibari aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003, akateswa katika gereza la siri Afghanistan, akaachiwa 2008 na barua ya kusema hana hatari yoyote. Yeye hakupata kesi wala mashtaka. Ilibidi awashtaki yeye wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile za mateso, na 2017 wakamalizana nje ya mahakama. Hiyo ndiyo njia nyingine ya Wamarekani, na kwa masikitiko ndiyo inayofanana zaidi na yetu: shika kwanza, jua baadaye, na usipojua, achia kimya kimya.

Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ni ya mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya Septemba 11, na haikuandikwa kwa utulivu. Lakini kinachoiuma familia ni kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachoziba dhamana kwa makosa kadhaa, ugaidi ukiwemo. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, tukapiga makofi, kumbe makosa makubwa yameachwa nje. Kwa hiyo aliyeiba kuku upelelezi wake unatangulia kukamilika, na anayetuhumiwa kutaka kuua umati upelelezi wake unamsubiri yeye azeeke. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla haijathibitika. Sijui mtu anatendewaje kama mwenye kosa zaidi ya kufungwa.

Mimi si mwanasheria, na ninachotaka si kikubwa. Upelelezi wa ugaidi uwekewe ukomo, kwa siku, uandikwe ndani ya sheria. Ukifika na ushahidi haupo, jaji aamue dhamana kwa masharti mazito atakayo: hati ya kusafiria ishikwe, aripoti kituoni kila Jumatatu. Na kesi ikifutwa, itamkwe mahakamani kwa nini. Gharama ya kuchelewa ailipe anayechelewesha. Kwa sasa analipa shangazi, kwa nauli.

Tena kesi ikifutwa namna ile haizuii mtu kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Binamu anajua. Analala na suruali, viatu viko karibu na mlango. Kazi ameomba mara tatu, na mara zote wanaomhoji wanamuuliza alikuwa wapi ile miaka mitatu. Nyuma ya daftari kurasa bado zipo, na shangazi hataki ziandikwe madeni.

Nilimsomea haya kwa simu kabla sijayatuma. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia mteja anaita hodi dukani, akamwambia asubiri.

"Mbona hujaandika kwamba hana kosa?"

Nikamweleza, shangazi, hoja yangu ni kwamba hawakumsikiliza, hawakumuuliza, kwa hiyo hakuna anayejua.

"Hawakumuuliza," alisema. "Na wewe mwanangu, ulimuuliza?"

Ametoka mahabusu mwaka wa pili sasa. Tumekula pamoja Idi zote. Sijamuuliza.